Begi la Kwenda Ndabaka

Mtu akichambua mitumba kwa subira katika soko la Mlango Mmoja, jijini Mwanza, hakosi koti la kaki lenye mifuko minne mbele, mkanda wa kitambaa kiunoni na vifungo vya shaba vilivyopauka. Ni koti la kutembelea mbuga, lililoshonwa mbali kwa ajili ya mtu aliyepanga kuja kuona simba. Sasa linaning'inia kando ya sweta za watoto na magauni ya harusi, na anayelinunua mara nyingi ni dereva wa bodaboda anayetafuta kitu cha kumkinga na upepo wa alfajiri. Ni nadra linunuliwe na mtu anayejiandaa kwenda Serengeti, ingawa lango la Ndabaka liko takriban kilomita 140 tu kutoka sokoni hapo, kwa barabara ya lami ipitayo Kisesa, Magu na Lamadi kuelekea Musoma.

Orodha za nguo za kuvaa mbugani zipo tele, lakini karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya mgeni. Zinamshauri anunue kofia ya bei kubwa, suruali inayokatika magotini kwa zipu na shati lenye matundu ya hewa kwapani. Hazimwambii neno mama wa Nyakato anayeondoka na watoto watatu kwenye Noah ya kukodi, wala mwalimu anayepeleka darasa la sita kwa Costa. Hao wana mahitaji yao, na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mahitaji hayo imo kabatini tayari.

Tuanze na baridi, kwa sababu ndiyo inayowashangaza wengi. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na anayetaka kuwakuta simba kabla hawajajilaza kivulini hutoka Mwanza saa tisa au saa kumi usiku. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukiingia Ndabaka na kuelekea mashariki, ardhi inapanda polepole hadi kufika Seronera, katikati ya hifadhi, ambako ni zaidi ya mita 1,500. Anayeunganisha safari hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro anafika kwenye mita 2,300 hivi. Mtu wa Mwanza aliyezoea joto la Kirumba atatetemeka huko mwezi wa sita na wa saba, hasa gari likiwa limefunguliwa paa. Saa nne asubuhi jua limeshawaka na anatafuta pa kuvulia.

Kwa hiyo koti moja zito halisaidii. Dawa yake ni kuvaa nguo kadhaa nyepesi juu kwa juu: fulana, shati la mikono mirefu, kisha sweta au jaketi, ili kila saa inayopita mtu apunguze moja. Shuka la Kimasai linatosha kabisa kuchukua nafasi ya jaketi. Ni zito, linawafunika watoto wawili kwa pamoja, na mchana hutandikwa chini wakati wa kula.

Kisha kuna mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Hapa ndipo rangi ya nguo inapokuwa jambo la maana, na ndipo washauri wengi wanapokosea sababu. Watu huambiwa wavae kaki ili wanyama wasiwaone. Ukiwa ndani ya gari, hilo halina uzito wowote: simba wa Serengeti wamezoea magari tangu wakiwa watoto, na shati jekundu la abiria haliwashughulishi. Anayejali rangi ni mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, ndiyo maana hufuata gari kama anavyofuata nyati. Akisogea karibu, rangi ya bluu humvuta na nyeusi humfanya atue. Watafiti walipogundua hilo walilitumia dhidi yake. Vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyoonekana vimetundikwa kwenye miti kandokando ya barabara za hifadhi ni mitego iliyolowekwa kwenye dawa ya kuua wadudu. Mbung'o anatua, anagusa dawa, anakufa.

Sasa mtazame abiria aliyevaa jinzi ya bluu iliyokoza na fulana nyeusi. Kwa macho ya mbung'o, huyo ni mtego usio na dawa.

Ukanda wa magharibi wa Serengeti, yaani hilo eneo linaloanzia Ndabaka na kufuata mito ya Grumeti na Mbalageti, una mapori ambayo mbung'o wanayapenda. Aina mojawapo inayopatikana huko, Glossina swynnertoni, imepewa jina la Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, aliyeiongoza tangu 1919 kabla ya kuhamia kwenye utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Ukifika kwenye pori hilo dereva mzoefu hufunga vioo bila kuulizwa. Mbung'o akiuma, maumivu yake ni ya sindano, na kitambaa chepesi hakimzuii. Hutoboa fulana na hata soksi. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu hazimsumbui sana. Kinachosaidia ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi ya kaki, ya mchanga, kijivu cheupe au kijani cha majani makavu.

Hapo kuna jambo ambalo shule zingefaa kulifikiria. Sare ya wanafunzi wa shule nyingi za msingi za serikali ni shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu, na sweta mara nyingi ni bluu vilevile. Darasa zima linapandishwa kwenye basi, vioo viko wazi kwa sababu ya joto, na linapelekwa moja kwa moja penye mbung'o likiwa limevaa rangi inayowaita. Mwalimu akiruhusu nguo za michezo au za nyumbani kwa siku hiyo, atakuwa amewaokoa watoto na vilio vingi. Mashabiki wa mpira nao wasikie: nyekundu ya Simba na njano ya Yanga hazina neno, lakini jezi ya bluu ya Taifa Stars ibaki nyumbani.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si wa kawaida kwa wageni wa hifadhi, lakini upo. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea hifadhi za Tanzania. Aina ya Afrika Mashariki huanza kwa homa na maumivu ya kichwa yanayofanana na malaria, wakati mwingine pamoja na kidonda pale mdudu alipouma. Basi anayepata homa wiki chache baada ya safari, vipimo vya malaria vikionyesha hana, amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa mbugani.

Suala la mtu avae nini na abebe nini si geni kwenye mwambao huu wa ziwa. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika karibu na ilipo Mwanza ya leo tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wake aliyewahi kuwa mtumwa India. Njiani kutoka Kazeh, ambayo ni Tabora, Speke alivaa miwani ya rangi kwa sababu macho yalikuwa yakimsumbua. Watu walijazana kumtazama mtu mwenye macho mawili juu ya mawili, wakichungulia chini ya kofia yake, hadi akalazimika kuvua miwani hiyo na kuitia mfukoni. Leo miwani ya jua inauzwa kwa kutembezwa mkononi pale stendi, na mbugani ni ya lazima kuliko kofia. Vumbi na mwanga wa nyika huchosha macho haraka.

Mpelelezi Henry Morton Stanley alipakia zaidi. Alipotoka Bagamoyo Novemba 1874 alikuwa na mizigo iliyohitaji wapagazi wapatao 300, kila mmoja akibeba wastani wa ratili 60, sawa na kilo 27 hivi. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa vitambaa, shanga na nyaya, yaani fedha za njiani: merikani nyeupe iliyotoka viwanda vya Marekani na kaniki iliyotiwa nili. Juu ya hayo wapagazi walibeba mashua nzima, Lady Alice, iliyokatwa vipandevipande. Tarehe 27 Februari 1875 waliitua Kageye, kaskazini mwa Mwanza ya sasa, wakaiunganisha, na Stanley akaitumia kulizunguka ziwa. Frederick Barker, mmoja wa Waingereza watatu aliokuja nao, alifariki hapohapo Kageye kabla Stanley hajarudi.

Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwinda Kenya na Uganda mwaka 1909 baada ya kumaliza urais wa Marekani, naye alikuwa na mpagazi wa kumbebea vitabu tu. Vilikuwa zaidi ya 50, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na mvua, na sanduku lake lilipimwa litoshe mzigo wa mtu mmoja. Wazungu wa zama zile waliamini pia kwamba jua la tropiki hupenya mgongoni na kuharibu uti, wakashonea kitambaa kizito nyuma ya mashati yao. Imani hiyo ilikufa polepole, maana haikuwa na msingi wowote. Koti la kaki ndilo lililobaki. Mbunifu wa Paris, Yves Saint Laurent, alilipandisha jukwaani miaka ya 1960 likawa vazi la mjini, na huku kwetu likapunguzwa mikono likawa suti ya Kaunda, vazi la wakuu wa mikoa na mameneja wa mashirika ya umma ambao wengine hawakuwahi kukanyaga hifadhi.

Siku hizi hakuna wapagazi, lakini mizani ipo. Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya udongo vya Serengeti kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15, pamoja na mkoba wa mkononi, na hutaka begi laini lisilo na fremu ili liweze kusukumizwa kwenye tumbo la ndege. Karibu nusu ya mzigo wa mpagazi wa Stanley. Anayekwenda kwa gari hana mizani, na hapo ndipo familia hujaza buti hadi mtoto akakosa pa kuweka miguu.

Kama kungekuwa na nguo moja tu ya kuongeza begini, iwe khanga. Wageni hununua skafu ya vumbi, taulo jepesi la safari, pazia la dirisha na kitambaa cha kukalia, kila kimoja kwa bei yake. Khanga moja inafanya kazi zote hizo. Ikilowekwa maji kidogo na kubanwa kwenye kioo cha gari, humpunguzia jua mtoto aliyelala. Ikifungwa puani huzuia vumbi la barabara ya hifadhini, ambalo mwezi wa nane na wa tisa huingia hata kwenye meno. Wanaume wanaoona aibu kujifunika khanga ya mke kwa kawaida huona aibu hadi gari la tatu linapowapita.

Kuna kazi moja ya khanga, hata hivyo, ambayo mbugani haifanyiki. Kwenye basi la mkoani abiria wamezoea kusimama popote kuchimba dawa, kinamama wakijistiri kwa khanga. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka kwenye gari ila mahali palipotengwa, na sababu yake inaweza kuwa imelala kwenye kichaka hichohicho. Vyoo vipo langoni, kwenye sehemu za kupumzikia na Seronera. Vitumieni kila mnapovikuta, hata asiyehisi haja. Mwenye mtoto mdogo abebe poti.

Viatu havihitaji mbwembwe kwa mtu atakayeshinda ndani ya gari. Raba za kawaida zinatosha, na malapa ya kubadilisha jioni. Mvua ndiyo inayogeuza hesabu. Udongo wa Ndabaka ni mfinyanzi mweusi, uleule ambao wakulima wa Usukuma wanalimia mpunga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa hunata kwenye soli mpaka mtu anatembea amerefuka. Masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, magari hukwama humo, na abiria wa kiume ndio huwa wa kwanza kuombwa washuke kusukuma. Hapo gambuti la elfu chache linalouzwa kwenye maduka ya pembejeo lina thamani kuliko buti la ngozi la kizungu.

Masharti mawili ya serikali yanapaswa kukumbukwa wakati wa kufunga begi. La kwanza ni nguo za mabakamabaka. Kwenye mitumba zipo, na watu huziona zinafaa porini, lakini raia haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi wala yanayofanana nayo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa wote waliokuwa nayo wayasalimishe. Hifadhi ina askari wenye silaha wanaosaka majangili. Si mahali pa kujaribu kufananishwa na mtu mwingine. La pili ni mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Karanga na maandazi ya njiani yahamie kwenye kontena au kikapu cha ukili. Chakula chenyewe kiwe cha mfuniko: hotipoti ya pilau, chupa ya chai, maji ya kutosha. Nyani na tumbili wa sehemu za mapumziko wanamtambua mwenye ndizi kabla hajashuka garini.

Kitambulisho je? Watu husahau kwamba ndicho kinachopunguza gharama kuliko chochote kilichomo begini. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hutozwa kwa shilingi, ilhali mgeni hulipa kwa dola na kiwango chake hakilinganishwi kabisa na hicho. Kadi ya NIDA au pasipoti ndiyo inayothibitisha. Malipo hayafanywi kwa pesa taslimu bali kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio kabla ya kufika Lamadi.

Darubini ni kitu ambacho familia nyingi hudhani ni anasa, na hapo mwandishi wa makala haya anatofautiana nazo. Chui juu ya mti, kwa macho matupu, ni doa. Darubini moja ya kupokezana ndani ya gari, hata ya mtumba, huwafanya watoto waache kuuliza lini watarudi nyumbani. Afadhali kupunguza soda.

Kwa mwenye ulemavu wa ngozi, na Kanda ya Ziwa ina familia nyingi zenye watoto wenye ualbino, mavazi ya mbugani hayana mjadala. Kofia ya ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na losheni ya kukinga jua inayopakwa upya kila baada ya saa chache. Ipo inayotengenezwa hapahapa nchini, Kilisun, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Paa likifunguliwa jua linapiga kutoka juu na kutoka kwenye nyasi kavu kwa pamoja, na mtoto aliyesimama kwa furaha kutazama twiga hahisi anaungua hadi jioni.

Si kila safari inaelekea Ndabaka. Saanane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Huko mtu anatembea kwa miguu juu ya majabali, akipishana na pimbi na mijusi wenye vichwa vyekundu. Kinachotakiwa ni kiatu cha soli ya mpira isiyoteleza. Viatu vya kuchuchumia, ambavyo huonekana sana siku za sikukuu, huishia mkononi mwa mwenyewe.

Rubondo ni habari nyingine. Hifadhi hiyo ya kisiwa, iliyoanzishwa 1977, sasa inafikika kwa urahisi zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Mtu anavuka hadi Sengerema na Geita, kisha anachukua boti Nkome au Muganza, Chato. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa mikanda tangu ufukweni, si kukaliwa kama mto. Simu na nguo za akiba zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa maana alasiri upepo wa ziwa huinua mawimbi. Kwenye kingo za ziwa lenyewe kuna kichocho, hivyo anayeshuka botini asiloweshe miguu pasipo lazima, na jioni mbu wanahitaji mikono mirefu na soksi.

Ndani ya msitu wa Rubondo wanaishi nzohe na tembo, na sokwe ambao mababu zao waliletwa kati ya 1966 na 1969 na Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt, wengi wakitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Hapa wageni hutembea kwa miguu, kwa hiyo ushauri wa rangi zilizofifia una maana yake kamili, na suruali huchomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe. Kingine cha kubeba ni barakoa. Sokwe huambukizwa mafua ya binadamu na yanaweza kuwaua, hivyo mwenye kikohozi siku hiyo haruhusiwi kuwafuata, hata kama ameshalipa na amevaa kaki kutoka kichwani hadi miguuni.